Nguzo na bomba, au sola na kisima? Ulinganisho kwa anayejenga Kigoma

Shemeji yangu anafanya kazi Dar na anataka kurudi nyumbani kujenga. Ameonyeshwa viwanja viwili na bado hajalipia hata kimoja. Cha kwanza kiko Gungu, ndani ya manispaa: kidogo, kimebanwa na nyumba pande tatu, nguzo ya umeme iko pale pale njiani. Nilihesabu hatua zangu nikapata ishirini na tano. Cha pili kiko kwenye kitongoji kimoja nje ya Simbo, kikubwa mara nne, kina michikichi kumi na kitu, na bei yake ni nusu. Ukisimama katikati yake ukatafuta nguzo, unaiona kwa mbali kama njiti ya kiberiti.

Juzi akanipigia. "Shem, mimi nishaamua. Naenda Simbo, nafunga sola, nachimba kisima, habari za LUKU na bili ya maji sitaki kuzisikia tena."

Nikamwomba anipe wiki moja nimwandikie. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeongeza kidogo kwa sababu najua wanaowaza kama yeye ni wengi.

Mimi nimekaa pande zote mbili. Miaka minne ya kwanza nyumba yangu ilikuwa ya sola tupu kwa kuwa nguzo zilikuwa hazijafika mtaani kwetu. Zilipofika nilivuta umeme, na sola sikuitoa. Kwa hiyo simo kwenye kundi la wanaosema sola ni ya maskini, wala la wale wanaodhani ukishafunga paneli mbili juu ya bati umeachana na serikali.

Gharama ya kuvuta umeme

Bei za kuunganishwa zilizoanza Januari 2022 zinaangalia kwanza uko wapi. Mjini, kwa umeme wa njia moja wa nyumba ya kawaida, ukiwa ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo unalipa shilingi 320,960. Ukihitaji nguzo moja, ndani ya mita 70, ni 515,618. Nguzo mbili, ndani ya mita 120, ni 696,670. Kijijini ni 27,000.

Sasa hiyo 27,000 ndiyo inayowapoteza watu. Mtu anasikia kijiji kina umeme, ananunua shamba, anadhani atalipa 27,000 na kuwasha taa. Tanzania Bara ina vijiji 12,318 lakini vitongoji ni 64,359. Kijiji kikihesabiwa kuwa kimefikiwa, maana yake laini imeingia, mara nyingi kwenye senta, shule, zahanati na nyumba za barabarani. Wewe wa bondeni unasubiri mradi mwingine, au unalipia nguzo zako. Zaidi ya nguzo mbili, saveya anakuja kupima na unaandikiwa makadirio yako peke yako. Na nguzo ulizolipia si mali yako. Zinabaki za TANESCO, shirika la umeme, na jirani atakayejenga mwakani atavutiwa kutoka hapo hapo.

Halafu kuna jambo ambalo halimo kwenye risiti. Laini ya mita mia nne haipiti hewani tu, inapita juu ya mashamba ya watu. Mwenye mihogo akikataa nguzo isichimbiwe kwake, una kazi ya kukaa na wazee wa kitongoji kabla hujakaa na mtu wa umeme.

Ndani ya nyumba, nyaya zisukwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji), ambaye ndiye anayethibitisha kuwa kazi iko salama kabla ya kuletewa mita. Fundi wa mtaani anaweza kuwa hodari kuliko huyo mwenye leseni, sikatai, lakini bila mhuri wa mwenye leseni huunganishwi. Watu wengi hulipa mara mbili hapa: fundi wa kwanza alisuka, wa pili akalipwa ili aikague na kuikubali. Tafuta mwenye leseni tangu mwanzo.

Gharama ya kuishi na LUKU

Hapa ndipo wapenzi wa sola huwa hawapendi nifungue mdomo.

Nyumba inayotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi inawekwa kundi la D1, ambako uniti moja ni shilingi 100. Ongeza VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini) na asilimia 1 ya EWURA, inakuwa 122. Uniti 75 ni kama shilingi 9,150 kwa mwezi. Anayetumia zaidi anakwenda T1, uniti ni 292 kabla ya makato, karibu 356 ukishakatwa. Huyo akitumia uniti 100 analipa kama 35,600. Angalia hiyo ngazi: umeongeza uniti 25 tu na bili imekaribia kuzidi mara nne. Ukivuka 75 ukiwa bado D1, kila uniti iliyozidi inahesabiwa kwa 350 kabla ya makato, na ukiendelea kuvuka unahamishwa.

D1 na T1 hazina ada ya mwezi. Usiponunua, hudaiwi umeme. Kinachokatwa ni kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Ukikaa miezi mitatu bila kununua, siku ukinunua inakatwa yote kwa pamoja, na ndiyo maana kuna watu wanatuma 5,000 wakirudishiwa tarakimu ishirini za uniti chache wanapiga kelele kuwa wameibiwa.

Sasa sola

Tufanye shemeji anataka kutumia kile kile ambacho mtu wa D1 anatumia, uniti 75 kwa mwezi. Hiyo ni uniti mbili na nusu kwa siku: taa, TV, simu, feni, friji ndogo inayokula karibu uniti moja, na pasi mara chache.

Kigoma tunapata jua la nguvu kamili kama saa tano kwa siku ukichukua wastani wa mwaka. Toa kinachopotea kwenye waya, joto, vumbi na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani), paneli ya wati 100 inakupa kama wati-saa 375. Uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo kwa uniti mbili na nusu unahitaji paneli za wati 670 hivi. Lakini wastani wa mwaka haupiki ugali. Kuanzia Novemba hadi Aprili tuna wiki ambazo mawingu yanashuka kutoka milima ya Manyovu na kukaa. Miezi hiyo mimi huhesabu saa nne au chini yake, kwa hiyo paneli ziwe wati 850 au zaidi. Kiangazi nako si cha kuamini moja kwa moja. Julai hadi Septemba watu wanachoma mapori, masizi na vumbi vinatua juu ya paneli, na usipopanda kufuta utashangaa kwa nini mwezi usio na wingu hata moja betri haijai.

Paneli ndiyo sehemu rahisi. Betri ndiyo ndoa yenyewe.

Betri yangu ya kwanza niliiua kwa mikono yangu. Nilinunua N100, betri ya gari, kwa sababu ilikuwa dukani na nilikuwa na haraka. Betri ya namna hiyo imetengenezwa kusukuma injini kwa sekunde chache kisha kujazwa tena. Mimi niliiwashia TV kila usiku mpaka inveta inalia "piii" na kuzima. Mke wangu alikuwa anauliza, "Baba Asha, huo mlio si onyo?" Nikawa namjibu kwamba ni kawaida. Masika ya pili ilikuwa inajaa kwa nusu saa na kuisha kwa dakika ishirini, imevimba ubavuni kama mtu aliyeng'atwa na nyuki. Nilijifunza kwamba betri za asidi, hata zile za jeli zinazouzwa kwa ajili ya sola, ukitaka zidumu usitumie zaidi ya nusu. Jeli ya volti 12 yenye saa-ampea 200 imeandikwa uniti 2.4 lakini kwako ni 1.2. Lithiamu unaitumia mpaka asilimia 80 au 90 na inavumilia kujazwa na kumalizwa mara nyingi zaidi, maelfu, lakini bei yake unailipa siku moja.

Kwa uniti mbili na nusu kwa siku, na usiku mmoja wa akiba mawingu yakikaa, shemeji anahitaji lithiamu ya uniti tano hivi. Akaulize bei ya betri hiyo, inveta na paneli pale Mwanga, hapa mjini Kigoma, apate na bei ya Dar akiongeza usafiri, kisha agawanye kwa 9,150 aone ni miezi mingapi ya LUKU. Mimi niliifanya hesabu hiyo kwa vifaa vyangu na jibu lilikuwa miaka mingi kuliko umri wa betri yenyewe. Yaani palipo na nguzo jirani, sola haimpigi D1 kwa pesa. Anayekwambia vinginevyo anauza paneli.

Palipo na nguzo mbali hesabu inageuka. Nguzo saba au nane za kulipia mwenyewe zinaweza kununua sola nzuri na chenji ikabaki, na sola haina haja ya kumwomba mtu apitishe waya shambani kwake.

Kuna vitu sola ya nyumbani haiviwezi bila kukufilisi: kupika kwa koili, kulehemu, mashine ya kusaga, hita ya maji ya kuoga. Kwa jiko, mtu wa sola atatumia mtungi wa gesi na mkaa kama wengi wetu. Na kuna vitu sola inavifanya vizuri kuliko laini. Tazama ziwani usiku wa dagaa. Mstari ule wa taa uliokuwa wa karabai sasa mwingi ni wa balbu za LED zinazochajiwa mchana, na hakuna nguzo itakayofika kule.

Neno moja juu ya sola za mkopo zinazolipwa kwa simu. Kwa anayetaka taa nne, redio na kuchaji simu, zinafaa, na huhitaji kuwa na fedha yote mkononi. Lakini soma unalipa jumla gani mpaka mwisho, na jua kwamba ukichelewa zinazimwa kwa mbali. Kwa shemeji, anayetaka friji, hazimtoshi.

Kukatika na kuaminika

Huwezi kulinganisha bila kusema hili. Mkoa wetu uliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi, na mafuta yakichelewa tulijua. Gridi ya Taifa ilianza kuingia kupitia Nyakanazi mwaka 2022, upande wa Kakonko, Kibondo na Kasulu. Kisha kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 nchi nzima ikaonja mgawo, na waliokuwa kwenye gridi wakakaa gizani pamoja na wengine. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilipoanza kuzalisha Februari 2024 pumzi ikarudi. Laini ndefu inayopita porini hata hivyo ina mti wake wa kuiangukia.

Sola nayo inakatika, ila inakatika kwako peke yako, na wa kuitengeneza ni wewe. Saa tatu usiku fyuzi ikiungua hakuna namba ya dharura ya kupiga. Kama hujui kushika tochi kwa meno na kufuata waya, weka pesa ya fundi pembeni.

Na radi. Kigoma ni nchi ya radi, hili halihitaji ushahidi. Fremu za paneli ziwe na waya wa ethi ulioshuka ardhini, iwe uko kwenye gridi au hauko. Nyumba nyingi nilizoziona zimepoteza inveta ni zile ambazo fundi alisema ethi ataimalizia wiki ijayo.

Kanuni zinazokufuata hata usipokuwa na mita

Shemeji aliniambia anataka kujitenga. Hapa nilimwekea vitu viwili mezani: yale yasiyomlazimu, na yale yatakayomlazimu hata akijenga juu ya mti.

Halimlazimu: kuvuta umeme. Hakuna sheria inayosema nyumba lazima iwe na mita. Wala kuzalisha umeme wako mwenyewe si kosa. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haidai leseni kwa mtambo ulio chini ya megawati 1, na megawati 1 ni kilowati 1,000, wakati nyumba yake haifiki hata kilowati moja na nusu. Kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye bati lako kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali pia.

Yanayomlazimu ni mengi kuliko alivyodhani. Gungu ni manispaa, kwa hiyo anahitaji kibali cha ujenzi kabla ya msingi, na michoro inatakiwa ionyeshe maji machafu yanakwenda wapi. Kodi ya jengo ni ya jengo, mita ni njia tu ya kuikusanyia; asiye na LUKU anapewa namba ya malipo na kulipa mwenyewe. Nimewahi kumsikia mtu akijisifu kijiweni kuwa sola imemwokoa na kodi hiyo. Haijamwokoa, deni linamsubiri. Wenye msamaha ni wengine, kama mzee wa miaka 60 na zaidi kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe, na nyumba za udongo na nyasi.

Akianza kugawa umeme kwa majirani kwa malipo, hata kwa taa mbili mbili, ameingia kwenye biashara, na EWURA inakuwa na neno naye. Maji vivyo hivyo. Ndoo moja ya msaada kwa mama jirani ni ujirani mwema, ila ukiweka bomba nje na bei ukutani umekuwa mtoa huduma.

Ugomvi mkubwa zaidi unakuja kwa anayechanganya. Ukiwa na gridi na sola kwenye nyumba moja, lazima pawe na chenjiova, swichi inayochagua upande mmoja tu kwa wakati mmoja, au inveta iliyotengenezwa kufanya kazi hiyo. Bila hivyo, umeme ukikatika mtaani inveta yako inasukuma umeme kurudi kwenye laini. Fundi aliyepanda nguzo akidhani laini imekufa anakutana na volti 230 kutoka sebuleni kwako, na ukipita kwenye transfoma kinyumenyume unakuwa maelfu. Huyo ni baba wa mtu. Kuna pia mita zinazohesabu umeme unaorudi kana kwamba umeutumia, kwa hiyo unaweza kumpa hatari fundi na bado ukakatwa uniti. Usifunge inveta kwa kuichomeka kwenye soketi ya ukutani kama nilivyoona nyumba moja, waya una vidume pande zote mbili.

Maji, ambako uamuzi ni mgumu zaidi

Mtu anaweza kukaa gizani wiki nzima. Bila maji hafiki Jumatano.

Mjini kuna bomba la KUWASA, mamlaka ya maji ya mji wa Kigoma, na maji yake yanatoka hapo hapo ziwani. Pampu zinazoyapandisha milimani zinaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo umeme ukikatika muda mrefu, anayejidai ana sola naye anakaukiwa kama hana tangi. Kwa hiyo Gungu bado anahitaji simtanki, angalau la lita 1,000.

Simbo huko ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, na vyombo vya watumia maji vya kijiji. Kama kuna kituo cha kuchotea karibu, sawa. Kama hakuna, ana njia tatu, na hakuna hata moja iliyo rahisi.

Ya kwanza ni mvua. Tunapata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, na hiyo ni neema. Bati la mita za mraba 80, ukitoa inayomwagika, linaweza kukusanya lita 64,000 kwa mwaka. Watu sita wakitumia ndoo moja moja ya lita 20 kwa siku ni lita 120. Kwa mwaka mzima ni kama 44,000, kwa hiyo kwenye karatasi mvua inatosha na kubaki. Tatizo ni kwamba mvua haiji kwa mwaka mzima. Mwisho wa Mei inaondoka, inarudi Oktoba. Hiyo ni zaidi ya miezi minne, na lita 120 kwa siku zinataka hifadhi ya lita 16,000. Tangi la lita 5,000 linaisha baada ya siku 41 hivi. Wengi hununua la 5,000, wanafurahi mpaka Sabasaba, kisha wanaanza kumtafuta mwenye guta. Mvua ya kwanza ya Oktoba usiiingize tangini. Iache ioshe masizi, mavi ya ndege na majani, ndipo uelekeze mfereji.

Ya pili ni kisima. Cha kuchimba kwa mkono, kifupi, cha matumizi ya nyumbani, wengi wanacho. Kirefu cha mashine ni habari nyingine: kampuni inayochimba iwe na leseni ya kuchimba, na kuchukua maji ya ardhini kunapitia kibali cha bodi ya maji ya bonde, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kwa bahati sisi hatuendi mbali, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ofisi zake ziko Kigoma. Pima kwanza, chimba baadaye. Ardhi yetu ni ya vilima na miamba. Jirani kupata maji mita thelathini hakukupi haki ya kupata na wewe. Shimo kavu unalilipia kama lenye maji.

Kwa kupandisha maji, usinunue pampu ya umeme wa nyumbani ya nguvu ya farasi mmoja ukategemea inveta. Inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya nguvu yake, na inveta inajizima. Nunua pampu ya sola inayofanya kazi moja kwa moja na paneli mchana, bila betri, ipandishe maji kwenye tangi lililoinuliwa. Tangi lililojaa juu ni betri isiyovimba.

Ya tatu ni ziwa na mito. Maji ya Tanganyika yanang'aa mpaka unaona samaki, na huo mng'ao ndio unaodanganya. Kichocho kipo kandokando, na kipindupindu tunakijua kwa jina. Kuoga na kufua ni juu yako, kunywa bila kuchemsha au kutia dawa ni kujitakia. Na tusisahau jinsi maji yalivyopanda miaka ya karibuni yakala nyumba za Kibirizi na Katonga; kiwanja cha ufukweni kinachouzwa bei poa kina sababu ya kuwa bei poa.

Choo

Hapa sina maneno mengi kwa kuwa pande zote mbili ni sawa. Kwa sehemu kubwa ya Kigoma hakuna mtandao wa majitaka wa kujiunga nao, kwa hiyo Gungu na Simbo wote wanachimba shimo. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inataka kila nyumba iwe na choo, na bwana afya akija haulizi kama una sola. Tofauti ni nafasi: shimo na kisima vikae angalau mita 30 kutoka kimoja hadi kingine, na shimo liwe upande wa chini wa mteremko. Gungu, kwenye kiwanja kile kidogo, mita 30 hazipatikani hata ukipima kwa kona. Kwa hiyo anayechagua Gungu amechagua bomba, asijidanganye na kisima.

Ningechagua nini

Kama angekuwa na familia ndogo ya shule, kazi ya ofisini na hamu ya friji na pasi, ningempeleka Gungu, avute umeme, abaki D1, kisha aongeze sola ndogo ya taa na TV. Sola hiyo haitamlipa kwa uniti. Itamlipa kwa kumzuia asivuke 75, na siku za giza atakuwa yeye mwenye mwanga. Mimi ndivyo ninavyoishi sasa, na mke wangu hasikii tena "piii".

Kama anataka shamba, kuku, michikichi ya mawese na ukimya, na ana fedha ya lithiamu na matangi ya lita 16,000 tangu siku ya kwanza, aende Simbo na asiangalie nyuma. Lakini asiende Simbo kwa sababu ni nafuu. Kiwanja ni nafuu kwa sababu umeme na maji utanunua mwenyewe, na ukijumlisha betri, pampu, kisima na matangi, nusu ile ya bei inarudi kwa mlango wa nyuma. Na kabla ya kulipa aende ofisi ya kijiji aulize kama kitongoji kile kimo kwenye mradi wa vitongoji unaokuja. Kikiwa kimo, afunge sola ya kati tu, na asuke nyaya za nyumba kwa mkandarasi mwenye leseni tangu mwanzo, ili nguzo zikifika asibomoe ukuta.

Kitu ambacho nilimkataza kabisa ni kufika Simbo na N100 na tangi la lita 1,000 akisema atajipanga mbele ya safari.

Jumamosi alikuja kwa likizo, akaenda kule peke yake bila kuniambia. Jioni akanitumia picha: amesimama chini ya mchikichi, viatu vimejaa udongo mwekundu, mkononi kashika futi kamba ya kuazima. Chini yake kaandika: "Mita 386 mpaka nguzoni, shem. Na hapo nimekatiza mihogo ya watu watatu, na mmoja ameshaniuliza ninapima nini."